Namna ya Kusoma Umri wa Kanisa la Parokia la Kiingereza: Mwongozo Kamili, Ukuta kwa Ukuta

Wasomaji wanaoishi Uingereza, wengi wao wanafunzi, huniletea picha ya kanisa la kijijini pamoja na swali moja: hili ni la karne ya ngapi? Kisha hutaja jibu lao wenyewe, na mara nyingi hukosea kwa njia ileile. Wametazama dirisha kubwa lililo nyuma ya madhabahu, wakalilinganisha na picha za vitabuni, halafu wakalipa kanisa zima umri wa dirisha hilo.

Kanisa la parokia la Kiingereza halina mwaka mmoja. Limekua kama nyumba ya ukoo: babu kajenga vyumba viwili, mtoto kaongeza ubavu, mjukuu kashusha paa, kitukuu katoboa madirisha mapya. Swali linalofaa ni "kipi kilitangulia kipi?" Ukishapata mfuatano, kazi ya kuweka karne inakuwa nyepesi.

Macho yetu yana sababu ya kukosea. Aliyekulia karibu na Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, amezoea jengo la mpango mmoja: jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, na kazi ikasimamiwa na Askofu Edward Steere. Lakini Steere huyohuyo, kabla ya kuja Zanzibar, alikuwa kasisi wa Little Steeping, Lincolnshire, katika nchi ambayo karibu kila kanisa la kijiji limeungwa vipande vya karne mbalimbali.

Nitalifuata zaidi kanisa moja, St Mary the Virgin la Iffley, ukingoni mwa Oxford. Halina mbavu za pembeni, kwa hiyo linamfaa anayeanza. Nitatoka humo pale jambo linapoonekana vizuri zaidi kwingine.

## Vitu vya kubeba

- Daftari na penseli. Utafuta mara nyingi, kwa hiyo kalamu ya wino iache nyumbani.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Darubini ndogo. Mambo mengi ya maana yako juu, mita nane au kumi kutoka sakafuni.
- Futi ya kupimia, walau mita tatu.
- Dira, au simu yenye dira.
- Viatu vya kukanyagia majani mabichi yenye umande.
- Sarafu za kutia kwenye sanduku la sadaka. Makanisa haya hutunzwa hasa na waumini wake, na paa moja la madini ya risasi lina gharama kubwa.

Tenga saa mbili. Kabla ya kwenda, hakikisha kanisa huwa wazi siku hiyo, na kwamba hakuna ibada, arusi wala mazishi.

## Maneno manne ya kushika

Ukumbi ni sehemu wanapokaa waumini. Patakatifu ni sehemu ya mashariki yenye madhabahu. Ubavu ni nafasi ya pembeni iliyotenganishwa na ukumbi kwa safu ya nguzo na matao. Mnara unaujua, mara nyingi uko upande wa magharibi, lakini Iffley uko katikati, kati ya ukumbi na patakatifu.

## Hatua ya 1: Usiingie. Zunguka nje kwanza

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanafungua mlango, wanavutwa na vioo vya rangi, na tangu hapo hawaoni kingine.

Toa dira, tafuta mashariki, kisha zunguka jengo lote polepole. Chora ramani ya sakafu kama unavyoiona kwa nje: sanduku la ukumbi, sanduku la patakatifu, mnara, mbavu, kibaraza cha mlangoni. Uzuri wa mchoro hauna maana hapa. Kinachotakiwa ni kila ukuta kuwa na mstari wake na nafasi ya kuandikia.

Sababu ni kwamba ndani kuta huwa zimefunikwa kwa lipu na chokaa, lakini nje jiwe mara nyingi limeachwa wazi, na jiwe lililo wazi halifichi kiraka.

Tahadhari: unatembea kati ya makaburi, na baadhi ni ya watu ambao jamaa zao bado wanakuja. Usiegemee jiwe la kaburi hata kidogo; mengi yamelegea na yanaweza kukuangukia.

Umefaulu ikiwa una mchoro ambao mtu mwingine anaweza kuutumia kuzunguka kanisa bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 2: Tafuta maungio

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Fundi mwashi anayejenga kuta mbili kwa wakati mmoja hupishanisha mawe kwenye kona ili kuta zishikane. Anayeongeza ukuta mpya kwenye wa zamani mara nyingi huuegemeza tu. Unabaki mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu, kama mshono wa kanzu. Ukiona mshono huo, una majengo mawili, na lile lenye kona iliyokamilika, yaani mawe makubwa ya pembeni yaliyopangwa vizuri, ndilo lililotangulia.

Tafuta alama hizi nne:

Kona iliyomezwa. Ukumbi wa kwanza ulikuwa sanduku tupu lenye kona nne. Mbavu zilipoongezwa, kona hizo zilibaki katikati ya ukuta wa magharibi au mashariki. Zikitafutwa, mara nyingi zinaonekana. Mawe yake yakiwa yamepangwa moja likisimama wima na linalofuata likilala bapa, refu kisha fupi, basi uko mbele ya kazi ya Kisaksoni, yaani ya kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, au karibu na hapo. Mfano wa wazi wa mpangilio huo ni mnara wa Earls Barton, Northamptonshire.

Kovu la paa. Simama upande wa mashariki wa mnara utazame pale unapokutana na ukumbi. Mara nyingi kuna mstari wa jiwe wenye umbo la Λ juu ya paa la sasa. Hapo ndipo paa la zamani, lililoinuka zaidi, liliposhikana na mnara. Kwa hiyo mnara ulikuwepo tayari paa hilo la zamani lilipokuwa likitumika, na paa unaloliona leo limekuja baadaye.

Mabadiliko ya jiwe. Mawe madogo yasiyochongwa chini, mawe makubwa ya mraba juu: ukuta umeinuliwa. Lakini jua kwanza jiwe la eneo hilo. Norfolk na Suffolk hazina jiwe zuri la kuchonga, zina gumegume, lile jiwe gumu la kuwashia moto, ambalo haliwezi kutengeneza kona iliyonyooka. Pengine ndiyo sababu minara mingi ya duara ya Uingereza iko huko. Nao waashi wa zamani waliokota mawe walikoyapata: kanisa la Escomb, County Durham, la mwishoni mwa karne ya 7, lina mawe yaliyotolewa katika ngome ya Kirumi ya Binchester. Hapo jiwe ni la Warumi, ila ukuta ni wa Wasaksoni.

Milango na madirisha yaliyozibwa. Tao lililozibwa kwa mawe linakupa mambo matatu kwa mpigo: kuna ukuta, ukatobolewa au ukajengwa na uwazi, kisha uwazi ukafungwa.

Kanuni ya kuamua ni moja tu: *kilichokata ni kipya kuliko kilichokatwa.* Dirisha lililotobolewa ukutani ni jipya kuliko ukuta, kwa hiyo dirisha la karne ya 15 linaweza kukaa ndani ya ukuta wa karne ya 12 bila tatizo lolote. Hapa ndipo jibu la wasomaji wangu huanguka.

Tahadhari moja inayowakamata hata wazoefu: mlango wa Kinormani wenye nakshi ulipendwa. Ubavu ulipojengwa karne mbili baadaye, mafundi waliung'oa jiwe kwa jiwe na kuupanga upya katika ukuta mpya. Ukikuta mlango wa tao la duara katika ukuta wa ubavu wenye madirisha yaliyochongoka, usiseme ubavu ni wa Kinormani. Kagua kama mawe ya tao yanakaa sawa au yamelazimishwa.

Umefaulu ikiwa mchoro wako una angalau namba tatu, 1, 2, 3, zikionyesha mfuatano. Karne bado hujaandika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 3: Sasa soma madirisha

Majina ya mitindo yanayotumika hadi leo yalipangwa na msanifu majengo Thomas Rickman mnamo 1817. Wajenzi wenyewe hawakuyajua.

Kinormani (1066 hadi karibu 1190). Dirisha dogo, tao la duara, na ukuta unaopanuka sana kuelekea ndani ili mwanga kidogo usambae. Milango ina nakshi za meno ya msumeno. Upande wa magharibi wa kanisa la Iffley mlango umezungukwa na vichwa vya ndege na wanyama walioinamisha midomo juu ya tao. Ukisimama chini yake, simama muda mrefu. Kanisa la Kilpeck, Herefordshire, la katikati ya karne ya 12, lina kazi ya aina hiyo kuzunguka kuta zote.

Gothiki ya awali (karibu 1190 hadi 1280). Dirisha refu, jembamba, lenye ncha kama mkuki. Mara nyingi yako matatu pamoja, la katikati likiwa refu zaidi.

Gothiki ya mapambo (karibu 1280 hadi 1350). Dirisha pana lililogawanywa kwa nguzo nyembamba za jiwe, ambazo juu hujipinda kuwa duara, kisha baadaye kuwa kama ndimi za moto. Heckington, Lincolnshire, ndipo pa kujifunzia.

Gothiki ya wima (karibu 1350 hadi 1540). Nguzo nyembamba zinapanda wima hadi kugonga tao lenyewe, na dirisha linafanana na kimia. Tao limebonyea, halina ncha kali. Huu ni wakati wa fedha za sufu: Lavenham na Long Melford huko Suffolk, Northleach na Fairford huko Gloucestershire. Long Melford, majina ya waliolipa yameandikwa nje, juu ya ukuta, wakiomba waombewe.

Mpaka wa 1350 una sababu yake. Tauni Kuu ilifika Uingereza 1348, na kazi nyingi zikasimama kwa kukosa mafundi na fedha. Ukikuta kanisa lililoanza kwa mapambo ya ndimi za moto na kuishia kwa mistari wima, huenda pengo lililo kati ya kazi hizo mbili ni la makaburi.

Usiandike mwaka kamili. Andika "karne ya 15" na uridhike.

## Hatua ya 4: Ingia, utazame nguzo

Zima simu, kaa kimya dakika moja, macho yazoee giza.

Ikiwa kuna mbavu, nenda kwenye matao yanayotenganisha ukumbi na ubavu. Wengi hawajui kwamba ukuta ulio *juu* ya matao mara nyingi ndio mkongwe kuliko vyote ndani ya jengo. Mafundi walitoboa ukuta wa nje wa zamani, tao baada ya tao, wakaingiza nguzo, halafu wakajenga ubavu nje yake. Tazama juu kwa darubini: wakati mwingine kuna dirisha dogo lililokatwa nusu na tao. Ukiliona, furahi, umepata kanisa la kwanza.

Nguzo nene ya duara yenye kichwa cha mraba kilichochongwa kama kombe la baharini ni ya karne ya 12. Nguzo ya pembe nane haisaidii sana, kwa kuwa ilitumika muda mrefu. Tao la duara juu ya nguzo nene na tao la ncha upande wa pili maana yake ni kwamba mbavu mbili hazikujengwa pamoja.

Pima unene wa ukuta kwenye mlango. Kuta za Kisaksoni mara nyingi ziko chini ya sentimita 90, nyembamba lakini ndefu kwenda juu. Za Kinormani hupita hapo. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, lakini kinaunga mkono ushahidi mwingine.

## Hatua ya 5: Washa tochi kwa pembeni

Usimulike ukuta uso kwa uso. Shika tochi karibu na jiwe, mwanga ulale juu yake. Mikwaruzo inayopotea mchana itaibuka.

Katika mnara wa kanisa la Ashwell, Hertfordshire, maandishi ya Kilatini yaliyokwaruzwa ukutani yanataja tauni na mwaka 1350, kisha upepo mkali wa 1361. Aliyeandika alikuwa amebaki hai. Sijui ushahidi wa umri wa ukuta unaogusa moyo kuliko huo: ukuta ulikuwepo, kwa sababu mtu huyo alikuwa na mahali pa kuandika.

Kando ya mlango wa kusini tafuta kijiduara chenye tundu katikati na mistari. Ni saa ya jua ya kuonyesha wakati wa misa. Ukiikuta *ndani* ya kibaraza, mahali ambapo jua halifiki, umethibitisha kwamba kibaraza kilijengwa baada ya mlango.

Usiguse michoro ya rangi, hata kwa kidole kikavu. Na usipake karatasi juu ya bamba la shaba la kaburi bila ruhusa ya mzee wa kanisa.

## Hatua ya 6: Uliza nani alilipa

Mara nyingi patakatifu na ukumbi havifanani hata kidogo, na wasomaji hudhani mmoja wa mafundi alikosea. Sababu ni sheria: katika enzi za kati patakatifu palikuwa jukumu la kasisi mwenye parokia, na ukumbi ulikuwa jukumu la wanaparokia. Kasisi akiwa na uwezo na wanakijiji maskini, patakatifu panameremeta na ukumbi unabaki wa babu zao. Wafanyabiashara wa sufu walipotajirika, mambo yaligeuka.

Ndani ya patakatifu tafuta kibakuli cha jiwe ukutani chenye tundu la maji, upande wa kusini. Padre aliosha vyombo hapo. Ukikikuta kibakuli kama hicho ndani ya ubavu, basi pale palikuwa na madhabahu nyingine, na ubavu ulikuwepo kabla ya madhabahu hizo kuondolewa katika karne ya 16.

Tafuta pia ngazi ya jiwe inayoishia hewani karibu na tao la patakatifu. Ilipanda hadi kwenye roshani ya mbao iliyobeba sanamu ya Yesu msalabani. Mageuzi ya dini yaliishusha roshani, ngazi ikabaki.

Chini ya Edward VI, aliyetawala 1547 hadi 1553, picha za kuta nyingi zilifunikwa kwa chokaa. Chokaa hicho kiliharibu na kiliokoa kwa pamoja. Huko Wenhaston, Suffolk, mwaka 1892, mbao zilizopakwa chokaa ziling'olewa na kuachwa uani mwa kanisa. Mvua ikanyesha usiku, ikaosha chokaa, na asubuhi ikaonekana picha nzima ya Siku ya Hukumu. Mbao hizo bado ziko kanisani.

## Hatua ya 7: Chuja karne ya 19

Hii ndiyo hatua inayookoa jibu lako. Enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901, makanisa mengi sana ya Kiingereza yalikarabatiwa, na mafundi wake walijua kuiga mtindo wowote. Mwaka 1877 msanii William Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale kwa sababu lipu za kale zilikuwa zikikwanguliwa na kuta kubuniwa upya.

Shuku karne ya 19 unapoona:

- kingo za jiwe kali, zisizolika, huku jiwe la jirani limemomonyoka;
- madirisha yote ya ukumbi yakifanana kabisa, bila hata moja kupishana;
- vigae vya sakafu vinavyong'aa vyenye nakshi nyekundu na njano;
- kuta za ndani zilizoachwa mawe wazi, bila lipu.

Iffley ina mtego mzuri. Dirisha la duara juu ya mlango wa magharibi linaonekana la Kinormani kabisa, lakini limewekwa 1856, likifuata alama za dirisha la kwanza zilizokuwa zimebaki ukutani.

## Hatua ya 8: Sasa, na si kabla, soma maandishi

Tafuta kanisa lako katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, ambayo Historic England huitunza na kuiweka wazi kwenye intaneti. Daftari za ubatizo, ndoa na mazishi ziliagizwa mwaka 1538, kwa hiyo usitegemee zikwambie habari za ujenzi wa kabla ya hapo. Hesabu za wazee wa kanisa, zikiwa zimesalia, zinaweza kutaja malipo ya risasi, chokaa na kengele.

Ubao wa mlangoni usome mwisho. Kwa miaka mingi kuta za magogo za Greensted, Essex, zilihesabiwa kuwa za 845 hivi, hadi uchunguzi mpya wa pete za ukuaji zilizo ndani ya mbao katika miaka ya 1990 uliposogeza umri wake hadi nusu ya pili ya karne ya 11. Ni kanisa lilelile, na thamani yake haijapungua.

## Ukurasa wako unapaswa kufanana na huu

*Iffley, St Mary the Virgin.*

1. Ukumbi, mnara wa kati na sehemu ya magharibi ya patakatifu: karne ya 12, nusu ya pili. Matao ya duara, meno ya msumeno, vichwa vya ndege mlangoni.
2. Patakatifu paliporefushwa mashariki: karne ya 13. Madirisha membamba ya ncha. (Kuanzia 1232 hadi 1241 mwanamke aitwaye Annora aliishi kando ya kanisa hili, amejifungia kwa maombi.)
3. Madirisha mapana ya ukumbini: karne ya 15, yametobolewa katika ukuta wa namba 1.
4. Dirisha la duara la magharibi: 1856.
5. Kioo cha rangi cha msanii John Piper: kimewekwa 1995.

Chini yake acha mistari mitatu mitupu. Rudi Januari, saa nane mchana, jua likiwa limelala chini kusini: alama za patasi ambazo hukuziona kiangazi zitakuwa zimesimama kwenye kila jiwe la ukuta wa upande huo.